Walimu Wawili, Darasa Moja



Watu wa Masisi ni wafugaji, nasi wa Walikale ni watu wa msitu. Lakini methali moja tunayo sote, ile isemayo kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Basi habari zilipoenea ya kuwa katika shule yetu darasa moja litafundishwa na walimu wawili kwa wakati mmoja, methali hiyo ilikuwa midomoni mwa wengi. Wengine walicheka. Wengine waliuliza ni nani kati yetu atakayekuwa mkubwa, na nani atakayeshika chaki. Mzee mmoja wa baraza la parokia aliniambia kwa upole, "Mwanangu, mtaanza na chaki moja, mtamaliza na fimbo mbili."

Sikumjibu siku ile, maana kazi mpya haijibiwi kwa maneno. Baadaye nilifundisha kwa namna hiyo mwaka mzima wa shule, nami leo napenda kuwaeleza ninyi wazazi, walimu na makatekista mambo niliyoyaona: kwa nini darasa lenye watoto wa lugha mbalimbali linahitaji walimu wawili, jinsi ya kuianza kazi hiyo, na mahali inapoweza kuharibika.

LUGHA ZA WATOTO WETU

Mtu akaaye Goma au Sake aweza kudhani kwamba kila mtoto wa Kivu huzaliwa na Kiswahili kinywani. Sivyo. Katika misitu ya Walikale mtoto hunyonya Kinyanga, au Kikumu, au Kitembo. Katika vilima vya Masisi hunyonya Kihunde au Kinyarwanda. Kiswahili hukutana nacho sokoni, barabarani, kanisani, na kwenye machimbo ya Rubaya na ya Bisie, ambako watu wa kila upande hukusanyika kutafuta riziki. Mtoto wa kijiji cha mbali, ambaye mama yake haendi soko kubwa, hufika shuleni na maneno machache tu ya Kiswahili. Na Kifaransa hana hata neno moja.

Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inakubali lugha za taifa na lugha za mahali zitumike katika kufundisha. Katika shule zetu watoto wa madarasa ya chini husoma kwa Kiswahili, na Kifaransa huingia kidogo kidogo kwa mdomo. Kadiri mtoto anavyopanda, Kifaransa hutwaa mahali pote, hata kufika mtihani wa mwisho. Basi mtoto wa kilimani ana ngazi mbili za kupanda kabla hajalifikia somo lenyewe: kwanza Kiswahili, kisha Kifaransa. Akianguka katika ngazi ya kwanza, watu husema hana akili. Kumbe akili anayo. Aliyemshikia ngazi ndiye hayupo.

Mambo mawili yameuongeza mzigo huu. La kwanza ni jema. Mwezi wa Septemba 2019 Serikali ilianza kuitekeleza elimu ya bure katika shule za msingi, ambayo Katiba ya mwaka 2006 ilikuwa imekwisha kuiahidi. Watoto waliokuwa wakibaki nyumbani kwa kukosa karo waliingia shuleni kwa wingi, na madarasa yakajaa. La pili ni baya, nalo ni vita. Waasi wa M23 walianza tena mapigano mwishoni mwa mwaka 2021, na mwaka 2023 moto huo ulienea Masisi. Familia nyingi zilikimbia, na baadhi yao walishuka upande wa Walikale. Mtoto akikimbia vita huacha mbuzi, huacha mkeka, huacha daftari. Lugha yake huja pamoja naye, na mara nyingi ndiyo mali pekee aliyoiokoa.

Hivyo ndivyo ilivyotokea kwetu. Katika mwaka wa shule wa 2023-2024 shule yetu, ambayo ni shule ya mapatano, yaani ya Serikali lakini huongozwa na Kanisa kwa mapatano ya mwaka 1977, ilipokea watoto waliotoka Masisi. Vyumba havikutosha. Mimi nilikuwa na darasa la tatu. Likaunganishwa na watoto wa kukimbia, na mwalimu wao akaja pamoja nao. Watoto zaidi ya 90, chumba kimoja, ubao mmoja, walimu wawili. Hakuna aliyekaa mezani akapanga jambo hili. Shida ndiyo iliyolipanga.

Mwenzangu alikuwa mama mtu mzima, naye watoto walimwita Madamu. Alijua Kihunde na Kinyarwanda tangu utoto wake, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Mimi najua Kinyanga, na Kifaransa cha chuo cha ualimu. Tulipohesabu lugha zetu pamoja tuliona kwamba sisi wawili tunaweza kusema na kila mtoto aliyekuwa chumbani mle. Mmoja wetu peke yake asingeweza.

MWALIMU WA PILI SI MKALIMANI

Hapa ndipo neno langu kubwa lilipo, nami naomba mlishike hata kama mtasahau mengine yote. Wengi hudhani kazi ya mwalimu wa pili ni kugeuza maneno ya mwalimu wa kwanza: huyu anasema sentensi kwa Kiswahili, yule anairudia kwa Kinyarwanda, huyu tena, yule tena. Nimeona madarasa yanayofundishwa hivyo. Saa ya somo inakuwa nusu, maana kila neno linasemwa mara mbili. Tena mtoto ni mwerevu: akijua kwamba lugha yake itakuja baada ya nukta, anaziba masikio mpaka ifike. Mwaka unakwisha hajui Kiswahili, na Kifaransa hata harufu yake hajaisikia. Na mwalimu yule wa pili, ambaye pengine ana elimu sawa na mwenzake, anageuka mtumishi mbele ya watoto. Na mtoto anayeiona lugha ya mama yake ikitumikia tu, hujifunza kuionea haya.

Twasoma katika Matendo ya Mitume, sura ya 14, habari za Paulo na Barnaba huko Listra. Paulo alimponya kiwete, na watu wakapaza sauti kwa lugha yao ya Kilikaonia wakisema kwamba miungu imeshuka kwao kwa mfano wa wanadamu. Kuhani wa Zeu akaleta ng'ombe na mataji ya maua ili awatolee Mitume dhabihu. Ndipo Paulo na Barnaba walipotambua kinachotendeka, wakararua mavazi yao. Fikirini, ndugu: walimu wawili wakubwa, wenye Roho Mtakatifu, wanafundisha, nao wasikizaji wanaelewa jambo lingine kabisa, wanalisema wazi kwa sauti kubwa, na walimu hawalisikii mpaka dhabihu imeletwa! Kila siku katika shule zetu mambo kama hayo hutokea. Watoto wanasema wao kwa wao kwa lugha yao mambo waliyoyaelewa vibaya, na mwalimu anaendelea na ubao.

Basi kazi ya kwanza ya mwalimu wa pili ni kusikia. Yeye ndiye sikio la darasa. Huyu akiwa mbele anafundisha, yule anapita kati ya madawati na kusikiliza watoto wananong'ona nini. Siku moja nilifundisha kutofautisha kusoma na kuandika. Watoto watatu wa Masisi walitazamana na kucheka. Madamu alisikia sababu: kwa Kinyarwanda "gusoma" ni kusoma kitabu, lakini tena ni kunywa kidogo kwa mdomo, kama mtu aonjaye pombe kwa mrija. Mwingine alisema amekuja shuleni "kuiga". Watoto wa kwetu walimcheka, maana kwa Kiswahili kuiga ni kufanya kama mwenzio afanyavyo. Kumbe kwa Kinyarwanda "kwiga" ni kujifunza, naye alisema neno la heshima kabisa. Madamu alisimama mbele akaeleza maneno yale mawili kwa darasa zima, si kwa wale watatu tu. Siku hiyo watoto wote walijua jambo jipya, wenyeji na wageni.

MAMBO YA KUANZIA

Mtu akiniuliza tuanzeje, namjibu kwa mambo machache tuliyoyajaribu.

Kwanza, kukaa pamoja kabla ya somo. Sisi tulikaa kila Ijumaa baada ya watoto kuondoka, karibu saa moja, na asubuhi dakika chache kabla ya kengele. Tulijiuliza maswali matatu tu. Mtoto atoke darasani akijua nini? Maneno gani yatamkwaza? Nani atasema nini, na wakati gani? Walimu wawili wasiokaa pamoja kabla ya somo watapigania chaki, na yule mzee wa baraza atakuwa amesema kweli.

Pili, kugawana kazi kwa namna mbalimbali, wala si namna moja siku zote. Mara moja mmoja anaongoza na mwingine anasikiliza. Mara nyingine tunagawa darasa katika makundi mawili, kila mwalimu na kundi lake, ili watoto 90 wawe 45 na kila mmoja apate nafasi ya kufungua kinywa. Mara nyingine tunasimama sote wawili mbele na kuzungumza, mmoja muuza ndizi, mwingine mnunuzi, kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kifaransa. Mtoto hajapata kuona Kifaransa kikitumika kati ya watu wawili. Amekiona ubaoni tu. Akiona walimu wake wanapatana bei kwa lugha hiyo anatambua kuwa ni lugha ya watu, nayo yasemeka.

Tatu, kuipa lugha ya nyumbani wakati wake. Sisi tuliiweka mahali pawili: mwanzo wa somo, ili mtoto ajue tunaelekea wapi, na mwisho, ili atusimulie kwa lugha yake aliyoyaelewa, nasi tujue kama amefika. Katikati tulikaza Kiswahili au Kifaransa, kwa ishara, kwa picha, kwa vitu vyenyewe. Mtoto akikwama kabisa, neno moja la kwao lilimkwamua, kisha tuliendelea.

Nne, kubadilishana. Anayeongoza hesabu wiki hii ataongoza kusoma wiki ijayo. Watoto wasijue kusema kwamba huyu ndiye mwalimu na yule ni msaidizi wake.

Tano, wasiojua lugha wasikae daima peke yao nyuma pamoja na mwalimu wao. Kundi la namna hiyo laanza kama msaada na kuishia kama kifungo. Tuliwachanganya katika madawati, mwenyeji na mgeni, maana mtoto hujifunza lugha kwa mtoto mwenzake upesi kuliko kwa mwalimu.

Sita, wakitofautiana wasitofautiane mbele ya watoto. Sisi tulikuwa na ishara: anayetaka kusahihisha jambo alisema, "Mwalimu, naomba niongeze." Kwa neno hilo tulisahihishana mara nyingi, wala hakuna mtoto aliyetambua.

HESABU ZA MAHARAGWE

Napenda kutoa mfano mmoja wa hesabu, ili msidhani kwamba haya ni ya somo la lugha tu.

Miongoni mwa watoto waliotoka Masisi alikuwapo msichana mdogo ambaye kwa wiki nyingi hakusema neno. Alipoulizwa alitazama chini. Watoto wengine walisema ni bubu, na hata wazazi wa jirani walisadiki hivyo. Siku moja tulikuwa tukihesabu maharagwe. Madamu aliweka punje mezani mbele yake, akamwuliza kwa sauti ya kawaida, "Ni bingahe?" maana yake, ni ngapi? Msichana akahesabu kwa kidole, akajibu, "Umunani." Kabla sisi walimu hatujasema lolote, mvulana mmoja wa Kinyanga aliruka kwenye dawati akapiga kelele, "Amesema nane! Nimeisikia nane ndani yake!"

Tukaandika ubaoni safu mbili. Upande huu tatu, upande ule gatatu. Tano, gatanu. Nane, umunani. Kumi, icumi. Kufika tisa watoto walisimama, maana kwa Kinyarwanda ni icyenda, nayo haifanani. Ndipo mmoja akakumbuka kwamba bibi yake hasemi tisa, husema kenda, kama wasemavyo wazee wengi wa Kongo. Na kweli, kenda ndilo neno la kale la Kiswahili. Tisa, pamoja na sita na saba, yalitoka kwa Waarabu. Basi kenda ikakaa karibu na icyenda kama ndugu waliopotezana sokoni. Kisha tukaongeza safu ya tatu, ya Kinyanga, watoto wakiitaja wao wenyewe, na ya nne, ya Kifaransa. Jioni ile kila mtoto alikwenda nyumbani akijua kuhesabu kwa lugha nne, na wengi waliwafundisha mama zao.

Yule msichana hakugeuka msemaji mkuu kwa siku moja. Lakini tangu siku ile hakuna aliyemwita bubu. Watoto waliomwita hivyo walikuwa hawajapata kusikia lugha yake ikiulizwa swali la shule.

NENO JUU YA KABILA

Sasa nasema jambo zito. Katika nchi nyingine lugha ya mtoto ni jambo la masomo tu. Huku kwetu lugha ya mtoto huonyesha kabila lake, na kabila limemwaga damu. Wakubwa wenu wanakumbuka mwezi wa Machi 1993, watu walipouawa kwenye soko la Ntoto, katika Walikale, na vita ile ikapanda mpaka Masisi. Jirani akamkimbia jirani kwa sababu ya lugha ya mama yake. Tangu hapo vita vimepokezana, na kila vita inaacha maneno ya chuki ambayo watoto huyaokota njiani.

Kwa hiyo naonya. Anayetaka kujua lugha za watoto wake asifanye orodha ya makabila katika daftari la shule. Karatasi ya namna hiyo, ikianguka katika mikono mibaya, yaweza kuleta hatari kwa nyumba nzima. Sisi tulijua lugha za watoto kwa sikio tu: tuliwasikiliza wakicheza, wakiimba, wakigombana. Kichwa cha mwalimu chatosha kutunza jambo hilo.

Tena hapa ndipo walimu wawili wanapofundisha somo lisiloandikwa ubaoni. Watoto wetu walipigana siku moja uwanjani, mmoja alipomtukana mwenzake kwa lugha yake na kumwambia arudi alikotoka. Tungeweza kuwapa hotuba. Lakini nadhani hotuba yao kubwa ilikuwa kutuona sisi kila siku: mtu wa Walikale na mama wa Masisi, kila mmoja akimwita mwenzake Mwalimu, akimwachia chaki, akimwuliza neno asilolijua bila haya. Baada ya majuma machache nilisikia watoto wa Kinyanga wanamwomba Madamu awafundishe wimbo wa kwao. Mtoto hawezi kuidharau lugha ambayo mwalimu wake mwenyewe anajifunza.

Katika masomo ya kusoma tulifanya vivyo hivyo. Watoto wa kwetu walisimulia habari za Mwindo, shujaa wa Wanyanga aliyezaliwa akitembea, ambaye baba yake Shemwindo hakumtaka. Watoto wa Masisi walisimulia hila za Bakame, sungura wa hadithi za Kinyarwanda. Kila hadithi ilisimuliwa kwa lugha yake, kisha darasa lote liliitunga upya kwa Kiswahili, nasi tukaiandika ubaoni kama kitabu, kwa kuwa vitabu havikutosha. Niliwaambia watoto kwamba hadithi ya Mwindo imefika hata vyuo vikuu vya Marekani. Mwaka 1956 msimulizi wa Kinyanga, Rureke, aliiimba na kuisimulia kwa siku 12, na mwaka 1969 kitabu chake kilitoka kwa kazi ya watu wawili: Daniel Biebuyck, Mbelgiji, na Kahombo Mateene, mwana wa Wanyanga. Mmoja alikuwa na elimu ya chuo kikuu cha Ulaya, mwingine alikuwa na lugha ya mama yake. Ulimwengu haungalipata kitabu kile bila wote wawili.

KANISA NA DUNIA

Jambo hili si geni katika Kanisa. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadri Weupe mwaka 1868, aliwaagiza wanawe wajifunze lugha ya watu wanaokaa nao, tena wasikae kamwe chini ya watatu mahali pamoja. Na mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifungulia lugha za watu mlango wa Liturujia. Ikiwa Mungu anasifiwa altareni kwa lugha ya nyumbani, hesabu nazo zitaona haya gani?

Nje ya nchi yetu pia wanaijua kazi hii. Huko Marekani, ambako watoto wa wageni hufika bila Kiingereza, shule nyingi huweka mwalimu wa darasa na mwalimu wa lugha pamoja chumbani. Na miongoni mwa watoto hao wamo wa Kivu, wa familia zilizokimbia zikapitia kambi za Uganda na Rwanda mpaka zikapata makao huko. Mtoto wa Masisi aliye ng'ambo anakaa leo mahali pale pale alipokaa yule msichana wetu: anajua kuhesabu, lakini hajui jina la hesabu. Tofauti ni kwamba huko mwalimu wa pili ana mshahara wake.

MKATE WA MWALIMU

Kuhusu mshahara sitaficha. Katika Kongo wako walimu wengi wanaofundisha kila siku bila kuwa katika orodha ya malipo ya Serikali. Walimu wawili wakisimama mbele ya darasa moja, mara nyingi mmoja analipwa na mwingine halipwi, na mwenzangu alikuwa wa namna hiyo ya pili. Nawaambia ninyi mnaotaka kuanza: jambo hili lizungumzwe siku ya kwanza, mbele ya mkuu wa shule na paroko. Likinyamaziwa litaoza, na watoto watalisikia harufu. Kwetu, jumuiya za Kikristo ziliitika zenyewe bila kulazimishwa: wengine walimlimia Madamu shamba la mihogo, wengine walimpa chumba, na wakati wa mavuno alipata maharagwe na mafuta ya mawese. Haikuwa mshahara, wala haiwezi kuwa badala ya haki yake, ambayo ni deni la Serikali. Lakini iliwaonyesha watoto kwamba kijiji kinawahesabu walimu wawili, si mmoja na nusu.

Sisemi kwamba tulishinda kila jambo. Mwisho wa mwaka watoto kadhaa walirudia darasa, na Kifaransa cha wengi bado kilichechemea. Kisha mwanzo wa mwaka 2025 Masisi yenyewe ikatwaliwa, na mwezi wa Machi waasi wakaingia Walikale mjini, wakatoka mwanzoni mwa Aprili. Tulitawanyika kama vifaranga. Madamu alikwenda upande wake nami upande wangu, na baadhi ya watoto wetu sijui walilala wapi. Lakini kazi hii haikutegemea jengo. Penye mti wenye kivuli, watoto wa lugha mbili na watu wazima wawili wanaoheshimiana, yaweza kuanza kesho asubuhi.

Basi, ninyi wazazi, mwalimu wa pili akija kwenu na lugha ya wageni, msiulize amekuja kutawala nani. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ninyi makatekista mnaojua lugha za vilima, jitoleeni saa moja kwa juma katika shule iliyo karibu nanyi. Ninyi walimu, msiogope kugawana chaki. Na mapadri wetu watusaidie kuyasema haya altareni, hasa panapochanganyika wenyeji na waliokimbia.

Bwana wetu Yesu Kristu alipowatuma wanafunzi wake vijijini, hakumtuma hata mmoja peke yake. Aliwatuma wawili wawili. Alijua kwamba mtu mmoja huona njia kwa upande mmoja, na kwamba wasikizaji, kabla ya kusadiki maneno ya upendo, hutazama kwanza jinsi wajumbe wenyewe wanavyopendana. Watoto wa Masisi na Walikale wanatutazama vivyo hivyo.